Mwaka Niliotafuta Viatu vya Pedeli

Simu ya Paulo kutoka Lushoto ilinikuta nimeshika kiatu cha mteja, nimekigeuza soli juu. Ndiyo kazi yangu hapa Moshi mpaka leo. Mtu akiniletea baiskeli ya mashindano sitazami fremu wala gia, naomba kwanza kiatu, nakigeuza, nahesabu matundu. Yakiwa mawili, yamekaa kwenye mfereji katikati ya meno ya soli, hicho kinataka pedeli ndogo za chuma, zile za milimani. Yakiwa matatu kwenye soli ngumu isiyo na meno, hicho ni cha lami na pedeli yake ni pana. Kisha ndiyo unatafuta kliti, kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu ili pedeli ikidake na mguu usichomoke, na kliti lazima iwe ya pedeli ile ile, si ya jirani yake. Nilikuwa namweleza hayo kijana mmoja mbishi aliyeagiza pedeli mtandaoni bila kuuliza mtu. "Athumani," Paulo akasema, naye hanaga maneno mengi, "Mama Sefu ametutoka. Tumemzika jana alasiri." Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikaendelea na kazi. Nilimfungia yule kijana kliti zote mbili nyuma mbele, na ni yeye aliyenishtua: "Mzee, hii si imegeuka?" Nikamwomba arudi siku nyingine. Nikafunga duka saa tano asubuhi, nikakaa ndani peke yangu kama mtu aliyeiba.

Nilikaa kwa Mama Sefu mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka mmoja katika karibu hamsini ya umri wangu, utasema ni nini hicho? Lakini viko vyumba nimekaa miaka kumi na sikumbuki hata rangi ya mlango, na kile cha Lushoto nakijua mpaka leo nikifumba macho. Kilikuwa cha tatu kwenye safu ya vyumba vinne vilivyotazama ua, tofali za udongo zilizopakwa chokaa mpaka usawa wa kiuno, dirisha la mbao lisilo na kioo likielekea jikoni. Dari haikufika mwisho. Juu ya ukuta palibaki uwazi wa mkono mzima, na kikohozi cha chumba cha pili kilinifikia kama changu. Baiskeli ililala ndani pamoja nami, kwa hiyo nafasi ya kusimama ilikuwa moja tu. Na ile baridi, jamani! Mimi mtu wa Mnazi, kule bondeni kwenye mkonge, ambako Julai ni mwezi kama miezi mingine. Lushoto, Julai, ukungu unaingia mpaka ndani ya shuka. Nililala na suruali mbili na koti la mvua juu yake, na bado niliamka kabla ya adhana nikisugua vidole vya miguu.

Upweke wangu ulikuwa na saa yake. Ulianza baada ya Magharibi, wapangaji na majirani walipokaa uani kuota moto na kuongea Kishambaa. Mimi nilikulia kwenye kambi za mkonge, ambako kila mtu katoka kwao na wote tuliongea Kiswahili. Kishambaa changu kilikuwa "onga makeo" ya kuamkia asubuhi na "hongea" ya kushukuru, basi. Nilisalimia, nikaitikiwa vizuri, kisha mazungumzo yakanipita juu ya kichwa. Nikawa naingia ndani, nakula mkate na chai ya rangi nimekaa kitandani, nasikiliza watu wakicheka nisijue wanacheka nini. Niliamini wananicheka mimi. Siku hizi najua kuwa watu wana mengi ya kuchekea kuliko mpangaji mmoja kutoka bondeni, lakini ukiwa peke yako unajiona mkubwa hivyo, kila kicheko kinakuhusu. Kuna usiku nilikuwa nikiimaliza chai naendelea kushika kikombe kitupu ili mikono iwe na shughuli.

Jioni moja nikasikia sauti ya Mama Sefu ikigeuka Kiswahili, na kwa makusudi, maana alikuwa anaongea na Rehema, mtoto wa kaka yake, na wale wawili hawakuwa na haja ya Kiswahili hata kidogo. Rehema alikuwa rika langu, akiishi naye na kumsaidia biashara. "Huyu mtoto wa Mnazi hali," Mama Sefu alisema. Rehema akajibu, "Anakula mkate, shangazi." "Mkate ni chakula? Kutwa yuko juu ya baiskeli kama anafukuzwa, halafu mkate!" "Labda anaona haya." "Anamwonea haya nani? Mimi?" Kesho yake nikakuta bakuli kwenye dirisha langu, limefunikwa kwa sahani: bada ya moto, ule ugali wa muhogo unaonata, na maharage ya nazi. Sikujua kama ni langu. Nililitazama mpaka likaanza kupoa, ndipo sauti ikatoka jikoni: "Kula wewe, au unataka na bismillahi nikusomee mimi?" Tangu siku hiyo bakuli halikukosa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mjane wa miaka hamsini hivi, mwenye bustani ya kabichi na karoti nyuma ya nyumba. Jumanne na Ijumaa alishuka Soni gulioni kuuza. Huyo Sefu nilidhani ni mwanawe aliyeko Dar, sikuuliza, kila mtu alikuwa na mtoto Dar. Asubuhi nikitoka namwambia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu," akilivuta lile neno la mwisho kana kwamba ana muda wote wa dunia. Nililizoea upesi mno, kiasi kwamba nilianza kulichukulia kuwa ni haki yangu.

Kazini nilikuwa karakana ya watu waliotembeza wageni kwa baiskeli, kwenda Irente, kwenda Magamba, mpaka Mtae kwa wenye mapafu. Paulo ndiye aliyekuwa fundi mkuu, Mlutheri mrefu asiyecheka ovyo, mkubwa wangu kwa miaka mitano. Wageni wengi walikuja na pedeli na viatu vyao kwenye begi, tuwafungie kwenye baiskeli zetu. Wiki ya kwanza tu niliharibu: sikujua kuwa pedeli ya kushoto inafungwa kinyume na ya kulia, nikaisukuma kwa nguvu zangu zote za Mnazi mpaka nyuzi za skrubu zikalika. Paulo hakunigombeza. Aliniita mbele ya mafundi, akaniwekea ile pedeli mkononi, akasema, "Kaitundike juu ya kitanda, uiote." Nikaiota kweli. Nilipoanza kutoka na wageni ndipo nikaona maajabu ya vile viatu. Mlimani mimi nilikanyaga tu, na mguu ukishafika chini kazi imekwisha. Wao mguu umeshikwa, wanakanyaga na kuvuta, wanapanda wanaongea. Mama mmoja wa Kiholanzi mwenye mvi alinipita kwenye mlima wa Magamba akiniuliza majina ya ndege. Siku ya kuondoka alinifungulia pedeli zake, akaniachia. "Tafuta viatu," alisema, maana vyake vilikuwa vya mguu wa mtoto.

Na nilikuwa na sababu ya kuvitafuta. Habari zilishafika kuwa mwisho wa mwaka kocha mmoja kutoka Arusha atakuja kuchagua mtu, mmoja tu, kwa kipimo cha kupanda kutoka Mombo mpaka Lushoto. Atakayechaguliwa anaondoka naye, analala kambini na timu, anakula na timu. Nimewahi kuwaeleza watu habari hizi na wote wanadhani nilitaka ushindi. Wallahi sikuwaza kikombe wala jina. Niliwaza meza. Niliiona ndefu, ina watu kumi na wawili, wote wanaongea lugha ninayoielewa, mmoja ananiambia nisogeze chumvi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga, nikiwaza meza ya Arusha na bakuli la watu linapoa dirishani kwangu.

Soni siku ya gulio kuna rundo la viatu vya mitumba la kumfunika ng'ombe. Kila Ijumaa niliyopata nafasi nilikwenda kupekua, na mwezi wa pili wa kutafuta nikavipata, vyeupe, vyepesi, saizi yangu kabisa. Nilifurahi nikasahau kugeuza soli. Paulo ndiye aliyegeuza, akavihesabu matundu kwa kidole, matatu, akanirudishia. "Mgosi," akaniambia, yaani mwanamume kwa Kishambaa, "umenunua ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine." Nikaanza upya. Vya pili vilikuwa vyeusi, vizito, vimefunikwa kipande cha mpira chini, na nilipokibandua yakatokea matundu mawili kwenye mfereji, nikapiga kelele pale pale sokoni. Kliti sasa. Za kwanza nilizopewa zilifanana na zinazotakiwa kama ndugu wa tumbo moja, zikaingia kwenye pedeli, zikalia vizuri, na kwenye mlima wa kwanza zikachomoka nikajigonga ugoko mpaka damu. Zilikuwa za kampuni nyingine. Za pili ndizo zilizokubali, zimelika kidogo, mgeni alikuwa anazitupa. Paulo akanikalisha juu ya meza miguu ikining'inia, akatazama ncha za vidole zinaelekea wapi zenyewe bila kulazimishwa. Wa kulia ulitazama nje. Akanifungia kliti kufuata hivyo, maana ukiufunga mguu kinyume na ulivyoumbwa, goti ndilo litakalolipa. Miezi minne ilikuwa imekwenda.

Nilijifunzia uani, nimeshika ukuta: ingiza, chomoa, ingiza, chomoa. Kuingia unakanyaga, kutoka unazungusha kisigino nje. Siku ya pili niliachia ukuta kwa maringo, nikasahau kisigino, nikaanguka pamoja na baiskeli, polepole kabisa, kama mgomba uliokatwa. Mama Sefu akaja mbio na mapovu ya sabuni mikononi. "Hii baiskeli inakushika mguu ili iweje?" "Ili nipande mlima vizuri, mama." "Mlima huu mimi nimeupanda na kabichi kichwani tangu niko msichana, sijashikwa mguu na kitu!" Rehema alicheka mpaka akakaa chini, na kwa mara ya kwanza nikacheka nao, nikijua tunacheka nini. Ningeweza kuiita ile siku njema kuliko zote za mwaka ule. Nashangaa kwamba wakati ule niliiona ya kawaida, nikainuka nikajipangusa, nikaendelea na mazoezi.

Mvua za vuli zilipoanza nikateleza kwenye ngazi za baraza. Chuma juu ya saruji iliyolowa, hapana mjadala, nilishuka ngazi zote kwa makalio mbele ya Mama Sefu. Safari hii hakucheka. Alikiokota kiatu kilichonivuka, akakigeuza, akakigusa kile chuma kwa kucha. "Chini kuna chuma kama kwato," alisema. "Na wewe si unasema una safari ya Mombo Jumamosi ijayo? Na viatu hivi?" Nikamwambia, "Usijali, mama," kwa ile sauti ya kumnyamazisha mtu. Sikumweleza. Ingechukua dakika mbili. Wateja wangu nawaeleza nusu saa kila mmoja, watu nisiowajua, hata wasionunua kitu. Lakini yeye aliyekuwa ananilisha nilimwona kuwa hataelewa.

Na pale nyumbani palikuwa na desturi, nilishaiona kwa wapangaji wengine ila sikuitia akilini. Mtu wa nyumba ile akiwa na safari, haondoki na kiatu kibovu. Mama Sefu anakichukua mwenyewe kimya kimya, anakipeleka kwa fundi viatu wa Soni, jioni unakikuta mlangoni kimeshonwa na kupigwa rangi. Hakuulizi kwanza, kwa sababu kumwuliza mtu kama kiatu chake kimeharibika ni kumwaibisha. Ijumaa ile, siku moja kabla ya kipimo, nilishinda karakana nikisafisha mnyororo. Viatu niliviacha uvunguni. Niliporudi alasiri vilikuwa juu ya kizingiti, vinang'aa, vimejazwa magazeti visikunjamane. Chini vilikuwa na soli mpya ya tairi la gari, nene, imeshonwa kwa uzi mweupe pande zote. Nilikigeuza kimoja, nikageuza cha pili. Fundi hakuwa na ufunguo wa zile skrubu, akazikata kwa patasi, akatupa kliti, akapigilia tairi juu. Mama Sefu alikuwa jikoni ananitazama kwa jicho la pembeni, anajifanya anakoroga. Alikuwa anasubiri nifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimwona kabisa akisubiri.

Nikamuuliza nani kamtuma. Nilianza kwa sauti ya chini, kisha nikaisikia inapanda na sikuizuia. Nikasema amenimaliza, miezi minne ameikata kwa patasi, nikasema yeye ni nani hata aguse vitu vyangu. Akasema, "Nimeona utaanguka, mwanangu." Nami nikamjibu, na ua mzima unasikia: "Mimi si mwanao! Kama una hamu ya kutengeneza viatu vya mtoto, katengeneze vya huyo Sefu wako!" Rehema, aliyekuwa anachambua mboga ya mchunga, akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo. Mama Sefu aliniangalia, kisha akaangalia sufuria. Akalifunika, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani mwake, akafunga mlango taratibu. Niliona amekosa la kusema kwa kuwa mimi nina haki.

Paulo akanifungia pedeli za kawaida, zile za mpira, na asubuhi nikaanza kutoka Mombo na wenzangu kumi na mmoja nikiwa nimevaa viatu vya tairi. Nilikuwa wa tatu. Aliyechaguliwa ni kijana mmoja kutoka Korogwe. Kwa miaka mingi nilimwambia kila aliyekubali kunisikiliza kuwa viatu ndivyo vilivyoninyang'anya Arusha. Leo mimi ni fundi, nimefunga maelfu ya kliti, na najua zinampa mtu kiasi gani. Zinasaidia, sikatai. Lakini yule wa Korogwe alinipita kwenye kona za juu ya Soni kana kwamba mimi nimesimama kuuza plamu, na kliti zote za dunia zisingeniweka mbele yake. Siku ile sikutaka kulijua hilo. Nilikaa pembeni ya barabara na Paulo, nikamsimulia yote ya jana, nikitegemea atanihurumia.

Paulo akaacha kutafuna muwa. "Ulimwambia hivyo? Habari ya Sefu?" Nikamwuliza kwani kuna nini, Sefu si yuko Dar? "Nani kakwambia yuko Dar? Sefu alikufa na miaka miwili. Surua. Yuko pale nyuma ya bustani ya karoti, unapita karibu naye kila siku na baiskeli yako." Nikasema sikujua. "Hukuuliza," Paulo akasema. "Hakupata mwingine. Wanamwita hivyo kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kumwita mama." Akaendelea na muwa wake. Nilirudi jioni nikiwa nimeshapanga maneno yote. Nilifika uani, akatoka jikoni, nikasema, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba." Basi. Lile neno la pili halikuja. Nikasimama kidogo nikilingoja, halikuja, na maneno yangu yote niliyopanga yakaondoka.

Yalifuata majuma matano ambayo sijui niyaelezeje. Laiti angeninyima chakula! Bakuli lilikuja kila jioni kama kawaida, moto, limefunikwa. Lakini lilikuja nikiwa msikitini au bafuni, halikuja na sauti. Nilikula nikisikia kijiko changu mwenyewe. Nikaliosha, nikaliweka jikoni asipokuwepo. Uani hawakunitenga, walinisalimia wote, ila wakati wa moto hakuna aliyegeuza Kiswahili tena, na mimi sikustahili wageuze. Kila asubuhi nilijiambia leo. Nikaambiwa kuna karakana Moshi inatafuta fundi, nikakubali kabla hawajamaliza kunieleza. Siku ya kuondoka niliichagua mwenyewe. Nilichagua Jumanne, kwa sababu Jumanne Mama Sefu hayupo nyumbani, yuko gulioni. Nimeshasema mimi nilikuwa mjinga, lakini hapa sikuwa mjinga, hapa nilikuwa mwoga.

Kushuka Mombo hakuna njia ya kuikwepa Soni. Nilipanga kupita alfajiri kabla hawajatandaza bidhaa, lakini mvua ilinichelewesha, nikafika saa tatu gulio limejaa mpaka barabarani. Begi langu lilikuwa nyuma kwenye keria, na miguuni nilivaa vile viatu vyake vya tairi maana sikuwa na vingine. Nilimwona kabla hajaniona, amekaa kwenye gunia, karoti amezipanga mafungu mbele yake. Kisha akaniona. Aliliona begi. Akasimama upesi na kuinua mkono, na fungu la karoti mkononi, akaita, "Athumani! We Athumani!" Wanawake wa karibu wote wakageuka. Niliinamisha kichwa, nikaangalia gurudumu la mbele. Pale ni mteremko, baiskeli inakwenda yenyewe. Ningeweza kusema iliniponyoka, lakini breki zilikuwa nzuri, nilizifunga mwenyewe jana yake. Nikapita. Sauti yake niliisikia mara moja tena, kisha kona ikaja.

Baada ya ile simu ya Paulo nilifika Lushoto siku ya tatu ya msiba, siku ya khitma. Ua ni ule ule, ila jiko limejengwa upya kwa tofali za kuchoma. Nilikaa na wanaume, Paulo ubavuni mwangu na kofia yake magotini, tukaitikia dua. Baada ya chakula nikaenda upande wa jikoni kuwapa pole wanawake. Rehema nilimjua kwa macho yake tu, nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. "Poleni sana, Rehema." "Tumeshapoa, kaka Athumani. Pole na safari." Binti yake, mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi aliyekuwa anaosha masufuria, akainua uso. "Ndiye huyu? Huyu ndiye wa baiskeli?" Akaacha masufuria, akajifuta mikono kunishika. "Bibi alikuwa hamalizi mwezi hajakusimulia! Alivyokuwa gulioni, wewe ukapita na safari yako, ukamwona, ukashuka. Ukailaza baiskeli katikati ya barabara kabisa, malori yanapiga honi, ukampigia magoti mbele ya Soni nzima ukamwambia mama nisamehe. Naye akakufungia karoti za njiani. Ndivyo?"

Wanawake wengine walikuwa wakitikisa vichwa, wanaijua hadithi, mmoja akitabasamu. Kuitikia kulikuwa rahisi mno. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu, na wote tungekwenda zetu. Lakini nilikuwa nimeshapita mara moja mbele ya mama yule, na nilihisi nikisema ndiyo nitakuwa nimepita tena. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Sikushuka. Aliniita mara mbili, nikamsikia, nikapita." Yule binti akaniachia mkono. Akamtazama mama yake.

"Sisi tuliokuwepo tunajua," Rehema akasema. Hakuwa na hasira. "Mimi nilikuwa nimekaa naye gunia moja, kaka. Gulio zima lilikuona."

"Sasa mbona alisema hivyo?" nikamwuliza.

"Jioni ile ile tuliporudi, watu wakamwuliza kama mmeagana. Akaanza kusimulia, na mimi nipo. Akanitazama, nikanyamaza. Kila mwaka akawa anaongeza kidogo. Magoti yalikuja baadaye."

"Na hamkumsahihisha? Miaka yote hii?"

"Tumsahihishe tupate nini?" Rehema alisema. "Wenzake wakikaa wanasimulia watoto wao, nani kafanya nini, nani kaleta nini. Sefu alikwenda hata kuongea hajajua vizuri. Shangazi alikuwa na wewe tu wa kusimulia."

Nikakaa pale pale kwenye mlango wa jiko, mtu mzima mwenye mvi, nikamwita mama kwa sauti kubwa mpaka wanaume wakageuka huko walikokaa, na Rehema akawaambia waniache.